Pole Utatoa Baadaye

Nimeweka filimbi chini nikiwa na miaka thelathini na moja. Hapa Misunkumilo, Mpanda, wananitania kwamba nimestaafu kabla ya mvi. Fundi pikipiki wa jirani, ambaye ni mkubwa kwangu kwa miaka ishirini, kila nikipita anasimama na spana mkononi: "Shikamoo, mstaafu!" Nami naitikia marahaba, kwa sababu nikikataa ataendelea hadi kona.

Miaka tisa nilikuwa kocha wa timu ya wanawake ya kata yetu. Habari za vyeo na posho sitaziandika, zote zingeenea kwenye kiganja. Naandika kwa ajili yenu makocha vijana wa timu za kata, nyie mnaonipigia simu kuuliza ule mchezo wetu wa haraka tuliuchezaje. Nitawaeleza faida zake, na sitazipunguza, maana ni za kweli. Nitawaeleza pia mchezo wenyewe unachodai. Na nitawaeleza habari za goti la Odeta, ambazo wengi mmezisikia kwa watu wengine na hakuna aliyezisikia kwangu.

Nianze na ungamo. Sina cheti cha ukocha. Sijawahi kukaa darasani kufundishwa mpira. Nilikuwa na duka la kutoa fotokopi, simu yenye kioo kilichopasuka, na hofu ya kukosea niliyozaliwa nayo. Mtu mwenye hofu hiyo akijifundisha mwenyewe, hujifundisha kupita kiasi.

Siku ya kwanza nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Mwalimu Kasanda, aliyeianzisha timu, alikuwa amehamishwa kikazi. Alinikabidhi filimbi, mipira miwili na pampu isiyo na sindano. Akaniambia neno moja tu: "Wajue majina kabla hujawajua miguu." Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nyumbani niliandika ratiba ya mazoezi ya siku hiyo, dakika kwa dakika, kurasa kumi na nne. Ya majina niliisahau.

Mazoezi yalikuwa saa kumi. Saa kumi kamili nilikuwa peke yangu uwanjani, na vidumu vya mafuta ya kula nilivyovikata kuwa alama, na ng'ombe watatu. Ulikuwa msimu wa kupalilia. Wa kwanza kufika alikuwa binti mrefu wa miaka kumi na sita, pamoja na mama yake aliyebeba jembe begani. Walikuwa wametoka shambani. Huyo ndiye Odeta. Wazazi wake ni wa asili ya Burundi, watu wa kilimo, na mama yake alitaka kumwona mtu anayekabidhiwa binti yake.

"Wewe ndiye kocha?" Mama Odeta aliuliza.

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona unatetemeka?"

Nikamwambia ni baridi. Ilikuwa jua kali. Odeta alichukua daftari langu, akafunua kurasa, akafunua tena, akauliza, "Kocha, ukurasa wa kucheza ni wa ngapi?"

Tangu siku hiyo jina langu likawa Kocha Daftari.

Miaka miwili ya mwanzo tulifungwa na kila timu iliyokuwa na viatu, na nyingine zisizo navyo. Nilikuwa najifunza kwenye simu. Usiniulize ni video ngapi. Siku moja nilikuwa natafuta mazoezi ya mabeki, ikajileta video ya mpira wa Wamarekani, ule wa mpira uliochongoka kama yai, wachezaji wakiwa na kofia ngumu kama za bodaboda. Niliitazama bila sauti kwa sababu Kiingereza cha haraka kinanipita juu ya kichwa. Wanacheza kidogo, mtu anaangushwa, kisha wote wanakusanyika duara, vichwa chini kama wanasali. Pale ndipo wanapoambiana shambulio linalofuata. Halafu wanarudi kujipanga, wanacheza tena kidogo.

Kisha nikaona timu moja isiyofanya duara. Mtu wao anaangushwa, na kabla vumbi halijatulia wenzake wameshajipanga, mpira umeshaanza tena. Wapinzani wanaangaliana. Mmoja anataka kutoka apumzike, mwenzake anataka kuingia, hakuna nafasi. Kocha wao anapunga mikono pembeni, hakuna wa kumtazama. Dakika chache baadaye wanaume wakubwa wale wameshika viuno, wanapumua kwa midomo. Niliitazama mara ishirini. Ilikuwa ni kama mtu amenifungulia dirisha.

Kesho yake nilikwenda kutupima sisi wenyewe. Sisi hatufanyi duara, nilidhani. Tunafanya. Mchezaji akiangushwa, refa akipiga filimbi, aliyemwangusha anamwinamia, "Pole dada, pole." Wenzake nao wanakuja, pole. Wengine wanamshika mkono, wengine wanampangusa vumbi, mmoja anasimulia ilivyotokea, nahodha anaanza kumlalamikia refa. Nilipima kwa simu. Kutoka filimbi mpaka mpira kuchezwa tena ilipita nusu dakika, na wakati mwingine dakika nzima. Huo wote, nikajiambia, ni muda ambao goli liko wazi.

Nikaweka lengo: sekunde nne. Faulo, mpira wa kurusha, kona, mpira wa kipa, vyote vichezwe ndani ya sekunde nne, kila mtu akijua pa kwenda bila kuambiwa.

Sasa hapa ndipo penye madai, nyie mnaodhani ni kukimbia tu. Kwenye mchezo huu hakuna nafasi ya kuelekeza. Kila kinachotakiwa kusemwa kiwe kimeshasemwa Jumanne na Alhamisi. Nikahitaji ishara fupi, na kwa kuwa nyumbani huyu anaongea Kisukuma, yule Kifipa, mwingine Kirundi, nikachagua majina ambayo kila mtu anayajua: majina ya mahali. Mpira ukienda kushoto tunaita Karema, kwa sababu ukisimama Mpanda ukatazama kaskazini, Karema ziwani iko kushoto. Kulia ni Inyonga. Kurudisha nyuma ni Majimoto. Nilijiona nina akili sana.

Kipa wetu Salima, binti wa wauza dagaa wa Karema, alilalamika siku ya kwanza. "Kocha, kila siku unapiga mpira kwetu, hata salamu hutumi!"

Mechi ya kwanza na ishara hizo, kipindi cha kwanza, tulicheza kama maji yanayoteremka. Kipindi cha pili tukabadilishana magoli. Odeta, aliyekuwa kiungo wetu na ndiye aliyeita ishara, akaita "Karema!" Nusu ya timu ikakimbia kushoto. Nusu ikakimbia kulia, linakozama jua. Mpira ukabaki katikati peke yake, wapinzani wakauokota, wakafunga.

Baada ya mechi Odeta alinijia na daftari langu. "Kocha, tuambie. Kipindi cha pili Karema inahama au haihami?"

Kurasa zote zile, na sikuwa nimeliwaza hilo. Sikula usiku ule. Wao walicheka njia nzima, kisha wakalipigia kura: Karema haihami. Ikawa kila uwanja tunaoingia, jambo la kwanza wanatafuta jua linazama wapi. Uwanja mmoja pale Magamba magoli yake yanatazama mashariki na magharibi. Siku hiyo tulirudi kwenye kushoto na kulia za kawaida, tukatoka sare.

Madai mengine ni mapafu. Mnapowachosha wapinzani mnajichosha na nyie. Na wanaoumia zaidi ni mabeki wenu, maana shambulio la haraka likifeli, limefeli haraka vilevile. Salima alikuwa ananifokea kutoka golini: "Mbona mnarudi kabla hatujapumua? Hata chai haijachemka!" Alikuwa na haki. Wafundisheni mabeki kwanza, washambuliaji baadaye. Na jifunzeni siku ya kuuzima mwendo. Timu inayojua kukimbia tu, siku ikiongoza goli moja haijui kukaa nalo.

Lakini lililokuwa gumu kuliko yote halikuwa mapafu, ilikuwa pole. Wasichana hawa wamelelewa. Mtu akianguka mbele yao mkono unakwenda wenyewe. Tunafanya mazoezi, Odeta anaangushwa, mpira uko pale, na watu wanne wameinama wanamwuliza, "Umeumia wapi?" Saa inakimbia mkononi mwangu. Nikatunga kanuni, nikaiandika kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari: POLE UTATOA BAADAYE.

Wiki za kwanza walikuwa wananiangalia kama nimewaambia waingie kanisani na viatu vya matope. Nikawatungia zoezi. Mmoja ajiangushe, wengine wacheze bila kumtazama, atakayegeuka azunguke uwanja. Nilikaa na saa. Wakazoea. Watu huzoea, hilo nimelijua.

Faida yake ilikuwa kubwa kuliko nilivyotegemea. Nawaambia bila kujificha: wapinzani wetu walikuwa wanafungwa kwa sababu ya adabu zao. Beki anamwangusha mtu wetu, anainama kumpa pole, anageuka, mpira uko wavuni. Misimu miwili hatukufungwa nyumbani. Watu walianza kuja kutoka mjini kututazama. Mwanamume mmoja alisema pembeni yangu, "Hawa dada wanacheza kama kuna tembo nyuma yao," nikayaandika maneno yake kwenye daftari kama sifa.

Mama Odeta hakuiona sifa. Alikuwa anakuja mazoezini akitoka shambani, anakaa juu ya mpini wa jembe lake. Siku moja binti yake alianguka kwenye zoezi langu, hakuna aliyegeuka, akainuka mwenyewe akakimbia kuwafuata. Mama aliniita.

"Kocha. Hiyo pole ya baadaye, huwa mnaitoa saa ngapi?"

"Mwisho wa mazoezi, mama."

"Nimekaa hapa mara tatu hadi mwisho. Sijaisikia."

Nikamweleza habari ya sekunde nne. Nilieleza vizuri, nilichora hata kwenye mchanga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua jembe lake. "Haya mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma." Hakuna ninachokikumbuka kwa aibu kama hicho. Sikuwa nimesoma, na yeye alilijua hilo.

Mechi ya Majimoto ilikuwa jioni, uwanja uko kando ya majaruba ya mpunga. Watu walikuwa wengi, pikipiki zimepangwa mstari mzima wa pembeni. Mama Odeta hakuja, alikuwa na mavuno. Zilibaki kama dakika kumi na tano, tuko sare goli moja kwa moja. Odeta alipokea mpira katikati, akageuka, beki wao namba sita akamgonga pembeni ya goti. Si kwa ubaya, alichelewa tu. Refa akapiga filimbi, akanyoosha mkono, akaanza kurudi nyuma kutazama goli.

Niligusa saa. Ishara ilipigwa na mwingine: "Karema!" Mpira ukaenda linakozama jua, ukarudi katikati, ukaingia. Sekunde tatu na kidogo mpaka mpira kuchezwa. Hatujawahi. Wachezaji wangu wakakimbia kona wote, hata Salima alitoka golini kwake akapita uwanja mzima kwenda kushangilia. Nami niliinama kuandika. Nataka mlisome hili polepole, maana nimelificha muda mrefu. Niliona kwa pembe ya jicho kwamba Odeta bado yuko chini. Nilimwona. Nikapaza sauti, "Odeta, inuka, muda!" Kisha nikaendelea kuandika, kwa sababu nilitaka tarakimu ikae kwenye mstari wake.

Sauti iliyoninyanyua kichwa ilikuwa ya namba sita. Jina lake ni Kabula, binti wa wafugaji wa huko huko. Alikuwa amekaa chini kwenye majani, kichwa cha Odeta kiko juu ya paja lake, anampepea kwa jezi yake aliyoivua, amebaki na fulana. Wenzake wamefungwa goli nyuma ya mgongo wake, hakugeuka hata kulitazama. Aliwaangalia wachezaji wangu waliokuwa wanaruka kwenye kona, akaita kwa sauti ambayo uwanja mzima uliisikia:

"Nyie wa Mpanda! Huyu si wenu?"

Kelele zilikatika. Wachezaji wangu walirudi wanatembea. Walifika, wakasimama kumzunguka, na hakuna aliyeinama. Nadhani hawakukumbuka wafanye nini. Niliwafundisha vizuri. Aliyekuwa anasema pole alikuwa mmoja tu, aliyemwumiza, na alikuwa anairudia: "Pole dada. Pole jamani. Pole."

Goli lilihesabiwa. Tulishinda.

Kano ya goti ilikuwa imekatika. Hospitalini walimweleza Odeta kwamba kwa mazoezi ya muda mrefu atatembea vizuri, labda atakimbia kidogo, ila mpira wa ushindani asahau. Alikuwa na miaka ishirini na nne.

Siku ya tatu nilikwenda kwao. Sasa mwulize mtu mwenye tabia yangu anabeba nini kwenda kumjulia hali mgonjwa. Nilibeba daftari. Nilikuwa nimekesha nalo, nimechora tukio zima: beki alikuwa wapi, Odeta alipokeaje mpira, mguu wa kulia ulitakiwa uweje. Nilitaka aelewe, nadhani nilitaka tuelewe wote kwamba kulikuwa na sababu. Odeta alikuwa amelala kwenye mkeka uani, mguu umeinuliwa juu ya mto. Nikaketi, nikafungua ukurasa.

"Unaona hapa," nikaanza, "kama ungegeukia Inyonga badala ya…"

Mama Odeta alikuwa anapepeta maharage. Aliusimamisha ungo.

"Kocha. Umekuja kumpa pole au umekuja kumfundisha?"

Kidole changu kilibaki kwenye mchoro. Odeta alitazama upande wa ukuta. Mama aliweka ungo chini, akaja akachutama karibu na binti yake, akaushika ule mguu, akasema, "Ihangane." Ndiyo pole ya kwao, neno la kumwambia mtu avumilie. Nimelisikia mara nyingi uwanjani, sikuwahi kulisikiliza. Nilifunga daftari, nikaaga, nikaondoka bila kuitoa ya kwangu.

Mtasema ningerudi kesho yake. Nilirudi, nikafika kwenye ua wao, nikageuza. Nilikuwa naitaka pole iliyo sahihi. Niliiandika. Ya kwanza ilikuwa fupi mno, ya pili ilijitetea, ya tatu ilifika kurasa tatu na ndani yake kulikuwa na mchoro. Miezi minane nilitembea na karatasi hizo. Kila nilipomwona Odeta njiani na fimbo yake nilimwuliza habari za goti, ananijibu, "Linaendelea, Kocha," nasi tunaachana. Neno lenyewe halikutoka. Mtu anayeogopa kukosea anaweza kuacha kabisa kutenda jambo, na akajiita mwangalifu.

Timu nayo iliharibika kwa namna yake. Ishara ilikuwa inapigwa, wanakimbia, kisha mmoja anapunguza mwendo, anatazama nyuma. Sikumzungusha mtu uwanja tena. Tulifungwa mechi nne. Siku moja nikamkuta Odeta pembeni, amekaa juu ya kidumu, anawaelekeza mabeki kwa fimbo. Wakamsikiliza kuliko walivyopata kunisikiliza mimi. Wiki iliyofuata akaja tena. Mechi iliyofuata akaniomba aseme neno.

"Tunacheza haraka," aliwaambia. "Tusidanganyane, haraka ndiyo inatupa magoli. Ila akianguka mtu, aliye karibu naye anabaki. Mmoja tu. Wengine Karema."

"Tutakuwa pungufu," nikasema. Mdomo wangu haujafundishika.

"Tutakuwa pungufu mmoja, Kocha. Majimoto tulikuwa pungufu wawili, mimi na wewe."

Salima alicheka kwa nguvu kisha akaziba mdomo. Walicheza hivyo. Sekunde zilipanda hadi sita, saba. Wakashinda, si kila mara, ila mara nyingi kuliko nilivyokuwa nimekokotoa. Nikajua timu imeshapata kocha, na ni mimi niliyekuwa nimesimama mahali pake.

Makabidhiano yalikuwa Alhamisi iliyopita, saa kumi, uwanjani. Wote walifika kwa wakati, jambo ambalo kwa miaka tisa sikuliona. Mama Odeta alikuwa juu ya mpini wa jembe. Nilikuwa na hotuba kwenye daftari. Nilimpa Odeta filimbi, mipira, ambayo sasa ni minne, na pampu, ambayo sasa ina sindano. Nikafungua ukurasa wa hotuba. Mikono ilikuwa inatetemeka, jua kali vilevile.

"Ni ndefu, Kocha?" Odeta aliuliza.

Nikaliweka daftari juu ya majani.

"Pole, Odeta," nikasema.

Hakunisaidia. Alinisubiri.

"Ya goti. Na ya kwamba nilikuona, nikaendelea kuandika."

Nilisikia pikipiki ikipita barabarani, ikaenda mpaka ikapotea. Alikuwa amesimama bila fimbo, uzito wote kwenye mguu mzima. Sijui ilikuwa sekunde ngapi, kwa mara ya kwanza sikuwa nimeshika saa.

"Nimeshapoa," alisema.

Kisha akatia filimbi mdomoni, akaitoa tena.

"Haya Kocha, toka ndani ya mstari. Tunaanza."